Usichague darasa kabla hujajua huduma: niliyojifunza kwenye vikao vya ARD huku Texas

Nianze na hili maana ndo linatusumbua sana sisi tuliotoka kwetu: shule ya serikali huku Marekani ikimpa mtoto wako mwenye ulemavu mwalimu wa ziada, mtaalamu wa kumfundisha kuongea, basi linalomfuata mpaka mlangoni, haijakufanyia fadhila. Ni sheria. Rais Ford aliisaini mwaka 1975, mwaka 1990 ikabadilishwa jina ikaitwa IDEA, na inasema mtoto mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu apewe elimu inayomfaa, bure, kwenye shule za umma. Kabla ya hapo majimbo mengi yalikuwa yanaruhusu shule kumwambia mzazi mrudishe mwanao nyumbani, na ikawa imeisha hiyo. Sasa mzazi wa kwetu akikaa kwenye kile kikao cha shule cha kupanga elimu ya mtoto, hiyo ARD, kazi yake kuitikia tu, ahsanteni sana walimu, Mungu awabariki, anasaini karatasi zote anaondoka, na mie simcheki hata kidogo maana ndivyo tulivyolelewa, mwalimu ni mzazi wa pili, nani aliwahi kumuona baba yake akibishana na mwalimu mkuu? Ila huku ukinyamaza wanahesabu umekubali.

Kijana wangu ana miaka 15, ana usonji, na yuko kwenye mfumo huu tangu hajatimiza 3. Tunakaa upande wa Dallas, distrikti yetu, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo letu, siitaji jina. Mie kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, sio mwalimu wala mwanasheria, ninayoyajua nimeyajulia mezani kwenye vikao vyake, na baadae kwenye vikao vya akina mama wengine, Watanzania, Wakenya, Wakongo wengi zaidi, ambao waliniomba niwasindikize wasikae peke yao mbele ya watu saba wenye laptopu.

Kwetu nimekulia Ilala, tulikuwa tunawaona wanafunzi wa Uhuru Mchanganyiko wakipita na fimbo zao nyeupe, kwa hiyo mtoto asiyeona kusoma shule haikuwa ajabu kwangu. Ila mtoto anayeona, anayesikia, halafu haongei, anazungusha kifuniko cha sufuria sakafuni saa nzima ukimwita hageuki, huyo enzi zetu hakuwa na jina la maana, alikuwa mtundu au zezeta au wamemchezea. Mama mkwe wangu mpaka leo kwenye WhatsApp ananitumia namba za wachungaji. Namwambia shikamoo mama, nashukuru, tunaomba pia, lakini Jumatatu ana spichi, yale mafunzo ya kuongea.

Sasa kabla ya miaka 3 huku sio kazi ya shule, kuna programu ya watoto wachanga, Texas inaitwa ECI, wanakuja nyumbani kwako wanakaa chini kwenye kapeti wanacheza na mtoto na kukuonyesha wewe mzazi ufanyeje. Akikaribia 3 wanakukabidhi kwa distrikti. Hapo ndo vikao vinaanza. Kikao chenyewe majimbo mengine wanakiita cha IEP, sisi Texas tunakiita ARD, na IEP ni ile karatasi inayotoka humo, yaani mpango wa mtoto kwa mwaka mzima: anaweza nini sasa hivi, malengo yake, huduma gani, dakika ngapi, wapi, nani anatoa. Kila mwaka lazima ipitiwe upya, na kila miaka 3 anapimwa tena.

Na humo ndani ndo kuna hicho ninachotaka kukisema leo. Distrikti ina majina mengi ya programu, kila moja na vifupisho vyake, na kikao kikianza kuelekea pabaya utakijua kwa sababu wanaanza na chumba. "Tuna programu nzuri sana ya usonji, iko shule fulani, watoto nane, mwalimu mmoja wasaidizi wawili." Inavutia kweli. Kuna picha ukutani, kuna kona yenye mito laini, kuna bembea ndani ya darasa! Mzazi anachagua chumba kama anavyochagua nyumba ya kupanga. Ila sheria imepangwa kwa mpangilio mwingine kabisa: kwanza mahitaji ya mtoto, halafu malengo, halafu huduma, na mahali panakuja mwisho. Na mahali penyewe lazima waanze kwa kufikiria darasa la kawaida pamoja na watoto wengine, akiwekewa msaada, na kumtoa ni pale tu ambapo hata ukiweka msaada bado haifai. Kwa hiyo swali langu mie huwa ni moja, nimeshawafundisha na wenzangu: ni huduma gani iliyoko kwenye chumba kile ambayo haiwezi kumfuata mtoto huku aliko? Waulize hivyo kwa upole, usipandishe sauti, halafu subiri. Wakati mwingine wanalo jibu zuri tu. Wakati mwingine wanaanza kutazamana.

Vyumba vyenyewe viko vya namna nyingi nitavitaja haraka haraka. Kuna mtoto kukaa darasa la kawaida na kurekebishiwa tu kazi, kuna mwalimu wa pili kuingia humohumo kusaidia, kuna kutolewa somo moja au mawili, mara nyingi kusoma na hesabu, akafundishwe kwenye kikundi kidogo wanachokiita risosi, kuna darasa maalumu la siku nzima, kuna darasa la maisha ambalo wanajifunza kupika, kufua, kuhesabu chenji, kuna la watoto wenye shida ya tabia, kuna shule maalumu kabisa, na kuna mwalimu kuja nyumbani au hospitali mtoto akiwa mgonjwa. Yote haya distrikti inatakiwa iwe nayo au ijue pa kuyapata, haiwezi kukwambia sisi tuna hili moja tu, chukua au acha.

Na msinielewe vibaya, mie sio wa wale wanaosema darasa la kawaida kwa kila mtoto hata iweje. Kijana wangu alianza kwenye chekechea maalumu, wachache, kimya, ikamsaidia sana. Elimu ya msingi nikapigania awe darasa la kawaida na msaidizi, na hapo ndo alipojifunza kupanga foleni, kusubiri zamu yake, kucheka mwenzake akianguka (samahani, lakini nilifurahi siku hiyo, maana alikuwa haangaliagi hata watu). Alipofika midoo skuli, walimu sita kwa siku, kengele, watoto mia wanahama vyumba kwa pamoja, mgahawa unaopiga kelele kama stendi ya Ubungo ya enzi zile siku ya mkesha wa Krismasi, mtoto akaanza kujing'ata mikono. Mie mwenyewe ndo niliyeomba kikao nikasema masomo ya asubuhi ahamishiwe darasa dogo. Wale walimu walishangaa, walizoea mie kubishana kwa upande ule mwingine. Lakini mahitaji yamebadilika, huduma inabadilika, chumba kinafuata.

Turudi kwenye karatasi maana humo ndo wanapotupiga chenga. Malengo ya kwanza kabisa niliyowahi kusomewa yalisema mtoto ataboresha mawasiliano yake. Ataboresha kutoka wapi kwenda wapi? Nani atapima? Siku hizi lengo la kijana wangu linasomeka hivi: akiwa kwenye mlo wa mchana, bila kukumbushwa, ataomba anachotaka kwa kutumia kifaa chake cha kuongelea, mara 4 kati ya 5, kwa wiki 3 mfululizo. Hilo hata msaidizi mgeni akija kesho anajua amefikia au hajafikia. Halafu angalia kama lengo la mwaka jana limerudi lilelile limebadilishwa tarehe. Hili sio la kuchukulia poa, mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mtoto mwenye usonji wa Colorado, Endrew, ambaye malengo yake yalikuwa yanajirudia tu mwaka hadi mwaka, na majaji wote wakakubaliana kwamba mpango lazima ulenge maendeleo yanayomfaa yule mtoto kulingana na hali yake, sio visogeo vidogo vya kuonyesha tu kwamba kuna kitu kinafanyika. Mie kesi hiyo huwa naitaja kwa jina moja tu, Endrew, na kikao kizima kinakaa wima.

Dakika nazo. Angalia dakika na angalia neno kikundi. "Spichi dakika 30" ni kitu kimoja, "spichi dakika 30 kwa kikundi" ni kitu kingine, maana mkiwa watoto wanne na nusu saa hebu piga hesabu mwanao anaongea dakika ngapi. Na huku Texas wana mtindo wa kuandika kwa kipindi cha wiki 9, unaona imeandikwa mara 8 kwa wiki 9, haraka haraka unasoma kama kila wiki, kumbe kuna wiki moja imeliwa na wala hujui ni ipi. Sio wizi, mara nyingi ni mtaalamu mmoja anazunguka shule tatu, wale watu wanachoka kweli kweli na wengi ni wazuri mno. Lakini uchovu wao usiandikwe kwenye mpango wa mtoto. Bajeti vilevile, serikali kuu iliahidi tangu mwanzo kuchangia asilimia 40 ya gharama ya wastani ya mwanafunzi na haijawahi kufika hapo hata mwaka mmoja, kwa hiyo distrikti inabana, hilo naelewa, ila "hatuna hela" sio sababu ambayo wanaruhusiwa kukupa, na ndo maana hawaisemi, wanasema "tuangalie kwanza".

Hiyo tuangalie kwanza ina historia huku. Kuanzia mwaka 2004 jimbo la Texas liliweka kipimo kwamba distrikti ikiwa na watoto zaidi ya asilimia 8.5 kwenye elimu maalumu inaonekana haifanyi vizuri, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama asilimia 13. Unadhani distrikti zilifanya nini? Watoto maelfu kwa maelfu wakaambiwa wasubiri. Gazeti la Houston Chronicle likafichua mwaka 2016, mwaka uliofuata bunge la jimbo likapiga marufuku kipimo hicho, na Januari 2018 wizara ya elimu ya Marekani ikasema wazi kwamba Texas ilivunja sheria. Kipimo kimeondoka ila mazoea ya watu hayaondoki kwa tangazo.

Kwa watoto wetu wasubiri yenyewe imevaa nguo nyingine: "bado anajifunza Kiingereza". Nilimsindikiza mama mmoja Mbembe wa Kongo, walikuja kutoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mtoto wa miaka 9 hajui hata herufi za jina lake, shule inasema ni lugha, mpeni muda. Na kweli, sheria inakataza kumpa mtoto jina la ulemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza au hakufundishwa kusoma huko alikotoka, na hilo ni zuri, maana upande wa pili nao upo, nimeona mtoto mzima kabisa mwenye akili zake anataka kuwekwa darasa maalumu kisa hajibu maswali kwa Kiingereza. Ila huyu wa Nyarugusu, nikamuuliza mama yake pale kwenye maegesho kabla hatujaingia, mama, na Kiswahili chake je, Kibembe chake? Akanambia, "Dada, huyu hata kwetu alianza kusema akiwa na miaka tano, na mpaka leo ukimtuma vitu viwili analeta kimoja, wadogo zake wanamwacha kwa kila kitu." Nikamwambia hiyohiyo, kaiseme humo ndani kama ulivyonambia mimi. Kwa sababu shida ikiwepo kwenye lugha ya nyumbani pia, basi sio Kiingereza, na wao wanatakiwa wampime kwa lugha anayoijua vizuri zaidi pale inapowezekana.

Akaisema. Ila kwanza tulikwama, maana mkalimani waliyemuweka alikuwa ni kaka yake huyo mtoto, kijana wa miaka 14 aliyetolewa darasani! Amtafsirie mama yake mambo ya mdogo wake mbele ya walimu wake mwenyewe. Nikaomba kikao kisimame. Shule inatakiwa ihakikishe mzazi anaelewa kinachoendelea, pamoja na kuleta mkalimani, kwa gharama yao, na makaratasi ya haki zako nayo yaje kwa lugha yako isipokuwa kama haiwezekani kabisa. Wakapanga siku nyingine wakaleta mkalimani wa simu, dada wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu ila mama yetu wa Kivu alikuwa anashika nusu, ikabidi turudie rudie mpaka kikaeleweka. Mtoto alipimwa. Sasa hivi anatolewa saa moja kila siku kwenda risosi kusoma, na yuko darasa la kawaida kwa mengine yote.

Namna ya kuanzisha: andika. Usiongee na mwalimu mlangoni wakati wa kumchukua mtoto, mwalimu atakuitikia vizuri na kesho amesahau ana watoto 24. Tuma imeili kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya elimu maalumu ya distrikti, sema mimi mzazi wa fulani naomba apimwe kamili kwa ajili ya elimu maalumu, sababu zangu ni hizi, weka tarehe, Kiswahili pia inafaa wakitafsiri wenyewe shauri yao. Kwa Texas ukishaandika wana siku 15 za shule kukujibu, wakikubali na wewe ukasaini ruhusa wana siku 45 za shule kumaliza vipimo, halafu siku 30 za kawaida kufanya kikao. Hizo 15 na 45 ni siku za shule, sio za kalenda, kwa hiyo ukiomba mwezi wa nne jua likizo ya kiangazi inakuja kukaa katikati. Jimbo lingine siku ni tofauti, ya jumla ya nchi ni 60. Wakikataa waambie wakuandikie kwa nini wamekataa, hiyo nayo ni lazima kwao.

Karatasi ya daktari inasaidia ila haitoshi na wala sio sharti. Hili linawachanganya watu. Daktari akisema ana usonji, shule bado inapima yenyewe kuona kama anaingia kwenye moja ya makundi 13 ya sheria na kama anahitaji kufundishwa kwa namna maalumu. Akiwa na ulemavu ila hahitaji kufundishwa tofauti, mfano ana pumu kali au kisukari, kuna mpango mwingine unaitwa 504, mwepesi zaidi. Na kama vipimo vyao huvikubali unaweza kudai mpimaji wa nje na distrikti ilipe, wakigoma inabidi wao ndo waende kujitetea kwamba vipimo vyao vilikuwa sawa.

Na kwa wale wanaoogopa mambo ya vibali, shule haina ruhusa ya kumnyima mtoto masomo kwa ajili ya karatasi za uhamiaji, kesi ya mwaka 1982 ilishaamua, na ilianzia Texas hapahapa, mji wa Tyler.

Kikaoni mie huwa nafika nimeshaomba rasimu ya mpango mapema na nimeshaisoma. Nabeba picha ya mtoto naiweka katikati ya meza, sio kwa mbwembwe, ni kwa sababu wengine pale hawajawahi kumuona, wanamjua kwa alama zake tu. Mwisho kunakuwa na kisanduku cha kukubali na cha kutokubali, na kuna sehemu ya kusaini tu kwamba ulihudhuria, soma unasaini kipi. Ukisema sikubali hakuna polisi anayekuja, Texas wanaahirisha hadi siku 10 za shule mkatafute muafaka. Mume wangu mwanzo alikuwa anaona aibu na hayo mabishano, na zaidi alikuwa hataki hilo neno usonji liandikwe popote, akisema litamfuata mtoto. Siku hizi ndo yeye anayebeba faili. Kilichombadilisha sio mie, ni ile siku mtoto alipobonyeza kifaa chake kikasema "baba, chai".

Kama mtoto wako haongei na yuko darasa maalumu la siku nzima, Texas ina sheria ya mwaka 2015, unaweza kuomba kwa maandishi kamera iwekwe darasani. Mie niliomba. Walimu wengine walinuna, mmoja akanambia anashukuru kwa sababu inamlinda hata yeye.

Kuna huduma za likizo pia, kwa mtoto ambaye akikaa miezi miwili bila shule anapoteza alichojifunza na kukirudisha inachukua muda mrefu. Hawazitangazi, uliza, na uanze kukusanya ushahidi tangu likizo ya Krismasi: aliondoka anajua nini, karudi anajua nini.

Sasa nimefika kwenye stage nyingine kabisa. Texas wakifika miaka 14 mpango lazima uanze kuongelea maisha baada ya shule, na huduma zinaweza kuendelea mpaka miaka 21 kama hajachukua cheti kwa masharti ya kawaida. Hapo nawaomba wazazi msikimbilie mahafali kwa ajili ya picha na joho, muulize kwanza cheti hicho kinafunga huduma au hakifungi. Akitimiza 18 haki zote za kwenye ARD zinahamia kwake, wewe mama unakuwa mgeni mwalikwa, sasa wengi wanaambiwa kimbilia mahakamani ukachukue usimamizi wake, na ipo njia nyingine nyepesi ya makubaliano ya kumsaidia kuamua, Texas ndo jimbo la kwanza kuiweka kwenye sheria, 2015 hiyohiyo. Sisi bado tunajadili nyumbani, mume wangu ana lake na mie nina langu.

Na kitu ambacho hakiko shuleni kabisa ila hakuna aliyenambia mapema kwa Kiswahili: huduma za jimbo za mtu mzima mwenye ulemavu, za kumlea nyumbani, msaidizi, mapumziko ya mlezi, zina foleni, na foleni ya Texas watu wanasubiri zaidi ya miaka 10. Unaandikisha jina tu, hata mtoto akiwa mdogo, hawaulizi kipato chako siku hiyo. Ziko kadhaa na kila moja ina foleni yake, moja inaitwa HCS nyingine CLASS, kwa hiyo ukipiga simu sema unataka aandikwe kwenye zote anazoweza kuingia, uliza tarehe waliyomuandika uiandike, na ukihama apatimenti wape anwani mpya siku hiyohiyo, maana barua yao ikirudi jina linaweza kutolewa.